Je, Rungwe na Kitulo viliwahi kuwa na barafu? Ushahidi wa zama za barafu katika Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka inapofika Juni na Julai, wasikilizaji wetu wa Makete, Uporoto na Mufindi hutuambia jambo lile lile: asubuhi majani ya viazi yameungua, nyasi zimekuwa nyeupe, maji ya kwenye ndoo yana utando mgumu juu. Ni jalidi, ambayo wengi wetu tunaiita barafu tu. Na karibu kila mwaka linafuata swali: kama sasa kuna baridi kiasi hiki, je, zamani milima hii iliwahi kufunikwa na barafu kama Kilimanjaro?

Jibu lina sehemu mbili, na sehemu ya pili huwashangaza wengi. Katika zama za barafu za mwisho, zilizofikia kilele miaka 20,000 hivi iliyopita, hapana: hakuna dalili kwamba Rungwe, Mtorwi au Kitulo ilikuwa na barafu ya kudumu. Baridi yenyewe ilifika, nayo imeacha kumbukumbu kwenye matope ya maziwa na mabwawa yetu. Lakini ukirudi nyuma zaidi, miaka karibu milioni 300, kusini-magharibi mwa Tanzania kulikuwa na barafu ya kweli, na mawe iliyoyaacha yapo hadi leo chini ya makaa ya mawe. Tutafika huko.

Zama za barafu ni nini

Ni vipindi virefu ambavyo dunia nzima ilipoa. Katika kipindi cha mwisho, sehemu kubwa ya Kanada na kaskazini ya Ulaya ilikuwa chini ya barafu yenye unene wa kilomita mbili, tatu. Maji yote hayo yalitoka baharini, kwa hiyo bahari ilishuka kama mita 120 chini ya ilivyo leo. Mkondo wa bahari kati ya Bagamoyo na Unguja hauna kina kikubwa, hivyo wakati huo Unguja haikuwa kisiwa. Mtu angeweza kwenda kwa miguu. Pemba, ambayo imezungukwa na kina kirefu, ilibaki kisiwa.

Chanzo chake ni mwendo wa dunia. Njia ambayo dunia hupita kulizunguka jua hubadilika polepole sana, mara ikawa karibu na duara, mara ikarefuka kidogo. Mhimili wa dunia nao huinama zaidi au kidogo, na huyumba kama pia inayokaribia kuanguka. Mabadiliko haya huchukua maelfu ya miaka, nayo hugawa upya joto la jua: mahali gani lipate zaidi, na katika majira gani. Majira ya joto ya kaskazini yakiwa dhaifu kwa muda mrefu, theluji haiyeyuki yote, inarundikana mwaka hadi mwaka. Hewa ya ukaa angani nayo ikapungua, na hilo likaongeza baridi. Wakati wa kilele cha baridi ilikuwa sehemu kama 180 katika kila sehemu milioni za hewa. Kabla ya enzi za viwanda ilikuwa 280, na sasa imepita 420.

Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, kupoa huko kulikuwa kwa nyuzi chache tu. Vipimo vilivyofanywa kwenye matope ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika vinaonyesha kwamba maji ya maziwa hayo yalikuwa na baridi zaidi ya leo kwa nyuzi 3 hadi 4 hivi. Milimani juu, tofauti inadhaniwa kuwa kubwa kidogo kuliko hapo.

Nyuzi nne zinaweza kuonekana ndogo. Mkulima wa viazi anajua kwamba si ndogo. Kwa kawaida ukipanda mlima mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo kupoa kwa nyuzi nne ni kama kuchukua kijiji chako na kukipandisha juu mita 600 au 700.

Barafu inapopita huacha alama gani

Barafu ya mlimani haikai tuli. Ikirundikana ikawa nzito, huanza kuteremka polepole bondeni kama uji mzito, ikibeba mawe, ikikwangua miamba kama msasa. Ikiyeyuka huacha alama ambazo mtaalamu hazimpotei. Bonde linakuwa pana chini, lenye kuta zilizosimama, tofauti na mabonde yaliyochimbwa na mito ambayo ni membamba chini. Miamba inabaki laini, yenye mikwaruzo inayoelekea upande mmoja. Na pale barafu ilipoishia hubaki tuta kubwa la mawe na udongo vilivyochanganyika ovyo. Tuta hili wataalamu huliita moreni.

Afrika Mashariki alama hizi zipo wazi. Mwaka 1893 mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza, J. W. Gregory, alifika Mlima Kenya na kuona kwamba barafu ya mlima huo iliwahi kushuka chini sana kuliko alivyoikuta. Kilimanjaro, matuta ya moreni yanapatikana chini ya mita 4,000, sehemu ambazo sasa ni vichaka vifupi na ambako barafu yoyote ya leo iko mbali juu. Mlima Elgon, ambao sasa hauna barafu hata kidogo, nao ulikuwa nayo.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Katika bonde la mto Mubuku, barafu ilishuka hadi kwenye mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Huo ni urefu wa kawaida kabisa kwetu: mashamba mengi ya Njombe na Uporoto yako katika urefu kama huo. Miaka ya hivi karibuni wanasayansi wamepima umri wa mawe ya matuta hayo kwa njia ya kushangaza kidogo. Jiwe likikaa wazi, miale kutoka angani hulipiga na kutengeneza ndani yake aina adimu ya beriliamu. Kadiri lilivyokaa wazi muda mrefu, ndivyo beriliamu hiyo ilivyo nyingi. Kwa kuipima, unajua ni lini barafu ilitua jiwe lile na kuliacha. Majibu yanaonyesha kwamba barafu ya Rwenzori ilianza kurudi nyuma miaka karibu 20,000 iliyopita.

Hapo msikilizaji wa Tukuyu atauliza: kama barafu ilifika mita 2,000 Rwenzori, mbona Rungwe, wenye mita karibu 2,960, haukuwa nayo?

Ni kwa sababu barafu haizaliwi pale inapoishia. Ile ya Mubuku ilizaliwa juu, kwenye vilele vinavyopita mita 4,500, ambako theluji inayoanguka ni nyingi kuliko inayoyeyuka, ikajikusanya na kuteremka kwa uzito wake. Mlima usio na ghala hilo juu hauwezi kuwa na mto wa barafu chini. Leo ghala la Kilimanjaro liko juu ya mita 5,000. Hata ukilishusha kwa mita 900 au 1,000 kwa ajili ya baridi ya zama zile, bado linabaki juu ya mita 4,000. Kilele cha Rungwe, na cha Mtorwi katika safu ya Kipengere ambao nao una mita 2,960 hivi, vilikuwa chini ya mstari huo kwa kilomita nzima.

Alama zinazotudanganya

Kuna watu waliosoma kwamba barafu hubeba mawe makubwa, wakatazama mawe ya mviringo yaliyobebana kwenye vilima vya Iringa mjini, Gangilonga likiwa maarufu kuliko yote, wakasema hayo yaliletwa na barafu. Sivyo. Mawe yale yalizaliwa pale pale. Mwamba wa aina ya matale ukiwa bado chini ya ardhi una nyufa zinazokatana. Maji hupenya kwenye nyufa, yakalainisha mwamba kuanzia pembeni, na kwa kuwa pembe hushambuliwa kutoka pande nyingi, jiwe la ndani hubaki mviringo. Baadaye mvua inapoosha udongo uliolainika, mawe yanajitokeza yakiwa yamekaa moja juu ya jingine. Wahehe waliliita jiwe linaloongea. Hadithi hiyo hatuigusi, ila barafu haimo.

Vivyo hivyo Ziwa Ngozi, lenye kuta ndefu zilizosimama. Maziwa mengi ya milima ya Ulaya yalichimbwa na barafu, lakini Ngozi ni shimo la volkano, sawa na maziwa mengine madogo ya Rungwe. Na zile changarawe nyepesi, nyeupe au za njano, zinazoonekana mtu akichimba shimo la choo au kisima kuzunguka Tukuyu, zinazoweza hata kuelea majini, ni mabaki ya milipuko ya volkano. Mlipuko mkubwa wa Rungwe ulitokea miaka kama 4,000 iliyopita na kumwaga changarawe hizo eneo pana sana. Kwa mtafiti wa hali ya hewa ya kale volkano hizi ni neema, tutaona kwa nini.

Kitabu kilichoandikwa kwa matope

Kwa kuwa barafu haikufika, ushahidi wa zama za barafu kwetu hauko kwenye miamba. Uko kwenye matope.

Chukua Ziwa Masoko, ambalo wenyeji wengi wanaliita Kisiba, kusini ya Tukuyu. Ni ziwa dogo la duara kwenye shimo la volkano, lenye kina cha mita 37 hivi. Wengi wanalijua kwa simulizi za Wajerumani kutupa fedha na silaha zao humo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na kwa jengo la kale la kambi lililo karibu. Lakini hazina ambayo tuna uhakika nayo ni tope la chini. Ziwa hili halina mto mkubwa unaoingia wala kutoka, kwa hiyo kinachoanguka humo hutulia. Kila mwaka vumbi, majani, majivu, wadudu na chavua za maua hushuka na kuwa tabaka jembamba. Tabaka la mwaka huu hulala juu ya la mwaka jana.

Katika miaka ya 1990, kundi la watafiti wakiwemo Wafaransa walishusha mabomba kwenye sakafu ya ziwa na kuvuta juu nguzo ndefu za tope hilo bila kuvuruga mpangilio wake. Sehemu ya chini kabisa ilikuwa na umri wa miaka karibu 45,000. Maana yake, kumbukumbu hiyo inaanza kabla ya kilele cha baridi, inapita katikati yake, na inakuja hadi wakati wetu.

Umri wenyewe unapatikanaje? Kitu chochote kilichokuwa hai, jani au kipande cha mti, kina aina ya kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana baada ya kufa. Inaitwa kaboni 14. Maabara hupima iliyobaki na kukadiria miaka; baada ya miaka 50,000 hivi inakuwa kidogo mno, kipimo hakifai tena. Hapo ndipo volkano zinaposaidia: majivu ya mlipuko mmoja huanguka kwenye maziwa mengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo tabaka la majivu likipatikana katika ziwa hili na lile, unajua kwamba kurasa hizo mbili ziliandikwa wakati mmoja.

Chavua ndiyo inayosimulia zaidi. Ni ule unga wa maua unaopeperushwa na upepo. Kila aina ya mmea ina chavua yenye umbo lake, na ganda lake ni gumu kiasi kwamba linaweza kudumu makumi ya maelfu ya miaka kwenye tope lisilo na hewa. Mtaalamu huketi na hadubini akihesabu: hii ni ya nyasi, hii ya mti wa milimani, hii ya mti wa miombo. Kazi hiyo huchukua miezi, na hatudhani wengi wetu tungeiweza.

Masoko liko chini, chini ya mita 1,000. Lakini katika tabaka za wakati wa baridi, watafiti walikuta chavua za miti ambayo leo tumezoea kuiona juu milimani. Miti ile ilikuwa imeshuka. Haikutembea, bila shaka. Mbegu zilizoangukia chini, ambako zamani joto lingeziua, sasa ziliota na kukua. Karibu miaka 12,000 iliyopita, dunia ilipopata joto, msitu huo ulipungua na mahali pake ukaja uoto wa aina ya miombo, unaopenda kiangazi kirefu.

Jambo la mwisho linahitaji kusimama kidogo. Vitabu vingi vya shule husema kwamba zama za barafu Afrika zilikuwa kavu, na kwa sehemu nyingi ni kweli. Ziwa Viktoria lilikauka kabisa miaka kati ya 17,000 na 15,000 iliyopita. Lakini Masoko hapakuwa jangwa. Msitu ulioonekana kwenye chavua ulihitaji unyevu, na hasa ulihitaji kiangazi kisiwe kirefu. Mtu wa Tukuyu au Kyela, anayeishi mahali panapopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka huku Usangu, ng'ambo ya milima, pakiwa pakavu, hatashangaa sana. Milima na Ziwa Nyasa vilitengeneza mvua yao wakati ule kama vinavyofanya sasa.

Udzungwa na kipunji

Upande wa Iringa kuna kumbukumbu nyingine, katika kinamasi kiitwacho Dama kwenye milima ya Udzungwa. Mtafiti Mtanzania Cassian Mumbi na wenzake walichimba tope lake na mwaka 2008 wakatangaza matokeo yanayorudi nyuma miaka karibu 48,000. Walichokuta ni utulivu. Wakati sehemu nyingine za Afrika misitu ilitoweka na nyasi kuchukua nafasi, huko msitu wa mlimani uliendelea kuwepo hata kwenye kilele cha baridi. Mvuke kutoka Bahari ya Hindi haukuacha kupanda milima ile.

Hii ni sababu mojawapo ya Udzungwa kuwa na viumbe wasiopatikana pengine popote duniani. Msitu uliodumu muda mrefu ni kama nyumba ambayo haijawahi kuungua: vitu vya kale bado vimo.

Tuna hata nyani wa kutueleza habari hiyo. Kipunji, ambaye Wanyakyusa walimjua kwa jina kabla ya sayansi kumjua, alitambulishwa kwa dunia mwaka 2005. Anaishi sehemu mbili tu: misitu ya Rungwe na Livingstone, na msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Kati ya sehemu hizo kuna zaidi ya kilomita 300 za mashamba, nyasi na miji, na kipunji havuki nyika. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba katika wakati fulani uliopita, kulipokuwa na baridi na misitu ya mlimani imeshuka chini, misitu hii ilikaribiana au kugusana. Joto liliporudi, kila msitu ukarudi juu kwenye mlima wake, na kipunji wakabaki wamegawanyika.

Kitulo nako tunaweza kupiga hesabu wenyewe. Uwanda ule una urefu wa mita 2,600 hivi. Ondoa nyuzi nne za joto, utapata hali kama ya mita 3,200 au 3,300 leo. Waliopanda Kilimanjaro wanapajua: ni juu ya kituo cha Mandara, baada ya msitu kwisha na vichaka vifupi kuanza. Jalidi ambayo sasa huja usiku wa Juni na Julai huenda ilikuwa jambo la miezi mingi.

Maziwa yaliyopanda na kushuka

Ziwa Rukwa leo lina kina kifupi, na wazee wa Chunya na Kamsamba wanakumbuka jinsi kingo zake zinavyosogea. Lakini kwenye miteremko ya bonde kuna fukwe za kale, yaani mchanga na kokoto zilizopangwa na mawimbi, hadi mita kama 180 juu ya maji ya sasa. Wakati huo, baada ya baridi kuisha na mvua kuwa nyingi, Rukwa lilikuwa ziwa kubwa lenye kina, na maji yake yalifurika hadi Ziwa Tanganyika. Kabla ya hapo, kwenye kilele cha baridi, lilikuwa la kina kifupi tu. Mto Songwe unaopita karibu na Mbalizi humwaga maji yake Rukwa. (Si ule Songwe wa mpakani na Malawi, ambao huenda Nyasa. Majina haya yametuchanganya hata sisi studioni.)

Ziwa Nyasa lina kumbukumbu ndefu zaidi. Mwaka 2005 mashua kubwa bapa iliwekewa mtambo wa kuchimba, ukashushwa kwenye maji yenye kina cha mita karibu 590, kisha ukachimba mita 380 za tope chini yake. Tope hilo linabeba zaidi ya miaka milioni moja. Lilionyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na ukame mkali uliojirudia, na maji ya ziwa yakashuka zaidi ya mita 500. Ziwa ambalo leo lina kina cha mita 700 likabaki dimbwi kubwa. Mahali zilipo Matema na Itungi pangekuwa mbali kabisa na maji. Cha kuzingatia ni kwamba ukame huo haukuja wakati wa baridi kali kuliko yote. Ulitokana na ile yumbayumba ya mhimili wa dunia, ambayo hubadilisha nguvu ya jua na hivyo nguvu ya mvua zetu. Baridi na ukame ni mambo mawili, si lazima yaende pamoja.

Ndani ya tope hilo kuna pia chembe ndogo za kioo kutoka volkano ya Toba, Indonesia, iliyolipuka miaka 75,000 hivi iliyopita. Majivu yalivuka bahari nzima ya Hindi yakatua Nyasa.

Watu waliishi humu katika mabadiliko hayo yote. Isimila, karibu na Iringa kwenye barabara ya Mbeya, ambako F. Clark Howell alichimba mwaka 1957 na 1958, kuna mashoka ya mawe ya miaka takriban 260,000 pamoja na mifupa ya viboko, kwenye korongo ambalo leo ungetafuta maji kwa shida. Na katika pango la Mlambalasi, mahali lilipo kaburi la Chifu Mkwawa, timu ya Profesa Pamela Willoughby ilichunguza mabaki ya watu wa mwisho wa zama za barafu.

Barafu iliyo chini ya makaa ya mawe

Sasa ile sehemu ya pili ya jibu. Miaka karibu milioni 300 iliyopita hapakuwa na Afrika kama tunavyoijua. Afrika, Amerika ya Kusini, India, Australia na Antaktika vilikuwa bara moja, wataalamu wanaliita Gondwana, na sehemu yetu ilikuwa kusini sana kuliko ilipo leo, karibu na ncha ya dunia. Barafu ilifunika maeneo makubwa ya bara hilo.

Katika bonde la mto Ruhuhu, unaoingia Ziwa Nyasa kutokea Ludewa na Songea, miamba ya chini kabisa ya mfululizo unaoitwa Karoo inabeba alama za barafu hiyo. Inajulikana kama miamba ya Idusi. Ni udongo uliogeuka jiwe, ukiwa na mawe ya kila ukubwa yaliyochanganyika ovyo, kama yale ya matuta ya Rwenzori, isipokuwa haya yameganda kwa mamilioni ya miaka. Juu yake kuna miamba iliyotokana na matope laini ya maji yaliyotulia baada ya barafu kuyeyuka.

Na juu zaidi yake kuna makaa ya mawe. Barafu ilipoondoka, mabonde yalijaa vinamasi na mimea, mimea ikafa na kufunikwa kabla ya kuoza, ikabanwa ikawa makaa. Hayo ndiyo makaa ya Mchuchuma na Ngaka, na ya Kiwira ni ya kipindi hicho hicho kikubwa. Mchimbaji wa Kiwira akishika bonge la makaa, ameshika majani ya nchi iliyokuwa ikitoka kwenye baridi.

Barafu iliyobaki, na vinamasi vyetu

Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 ilibaki chini ya 2. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson kutoka Marekani ilitoboa barafu hiyo na kukadiria kwamba sehemu ya chini ina miaka 11,700. UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya huenda isiwepo ifikapo 2050. Wengi wanaamini mito ya Kilimanjaro hutoka kwenye barafu hiyo, lakini vipimo vinaonyesha kwamba sehemu kubwa kabisa ya maji hutoka kwenye msitu unaonasa mvua na ukungu. Kwetu, ambako barafu haijawahi kutegemewa, ni msitu na kinamasi tu.

Vinamasi hivyo ndivyo pia vinavyotunza kumbukumbu tulizozieleza. Udongo mweusi wa kinamasi hudumu ukiwa na maji. Ukichimbiwa mitaro ya vinyungu ukakauka, hewa huingia, chavua huoza, na udongo wenyewe unaweza kushika moto na kuungua chini kwa chini kwa wiki kadhaa. Hatusemi vinyungu viachwe, maana familia nyingi za Iringa na Njombe hula kwa vinyungu wakati wa kiangazi. Wengi wa wakulima hao wanajua tayari kwamba katikati ya bonde, pale chemchemi inapotokea, hapachimbwi.

Ukichimba kisima au mfereji ukakuta vipande vya miti vyeusi ndani ya tope la kina kirefu, mifupa mikubwa, au mawe yaliyochongwa, usiyatoe yote. Pima kina kwa kamba, piga picha kwa simu ukiwa umeweka jembe kando ili ukubwa uonekane, kisha mjulishe mtendaji wa kijiji au ofisa utamaduni wa wilaya. Kitu kilichoondolewa mahali pake bila kujulikana kilikuwa kina gani hupoteza sehemu kubwa ya habari yake, kwa sababu kina ndicho tarehe.